Kiu Ndani ya Udongo Mbichi: Uchambuzi wa Kisa cha Vayoleti ya Usambara katika Nyumba ya Ghorofa, Upanga

Kisa hiki kinahusu mmea mmoja tu, uliokaa kwa zaidi ya miezi sita katika sebule ya mama yangu mdogo, ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Ni ule mmea mdogo wa ndani ambao wauza miche wa jijini huuita vayoleti: majani ya mviringo yenye manyoya mafupi, yaliyopangana kwa duara kama sahani, na katikati yake maua ya zambarau yenye kitone cha njano. Ulinunuliwa mwishoni mwa Juni kwenye kitalu cha kando ya barabara ukiwa umechanua vizuri, na kufikia wiki ya pili ya Januari ulikuwa umelala juu ya chungu chake kama kitambaa kilicholowa. Nimeona niuandikie kwa kirefu kwa sababu watu waliouangalia kabla ya uchunguzi, nikiwemo mimi mwenyewe niliyeuangalia kwa simu tu, walitoa sababu nne tofauti, kila moja ikiwa ya busara, na kila tiba iliyofuata sababu hizo iliongeza madhara.

Mahali ulipokaa hapakuwa na kasoro kubwa. Dirisha la sebule linatazama mashariki na lina pazia jepesi jeupe, kwa hiyo mmea ulipata jua la asubuhi lililochujwa mpaka kama saa tatu, kisha mwanga wa kawaida hadi jioni. Majani hayakuwa yamenyooka juu kwa kutafuta mwanga wala hayakuwa yamepauka kwa kuunguzwa, na mkono ulioshikwa juu yake saa nne asubuhi ulitupa kivuli kinachoonekana chenye kingo laini, kipimo cha nyumbani ambacho kwa mmea huu kinatosha. Hapa niseme neno moja kuhusu vitabu. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi za kaskazini, navyo husema uweke vayoleti kwenye dirisha la kaskazini kwa kuwa huko jua halifiki. Dar es Salaam ipo kusini mwa ikweta kwa nyuzi karibu 7, na kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Mtu atakayefuata kitabu hicho neno kwa neno atauweka mmea wake upande ule ule unaopigwa na jua kwa miezi saba ya mwaka. Mama mdogo hakuwa amesoma kitabu chochote, na kwa suala la mwanga hilo lilimsaidia.

Mfuatano wa mambo

Mwanzoni mwa Julai mama mdogo aliuhamisha mmea kutoka kikopo cha plastiki chenye upana wa sentimita 10 na kuupanda katika chungu cha kufinyanga chenye upana wa sentimita 20, kwa hoja ambayo mlezi yeyote angeitoa, kwamba mtoto anayekua hununuliwa nguo kubwa kidogo. Alitumia udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, akakiweka chungu juu ya kisahani, na kisahani hicho akawa anakijaza maji kila asubuhi baada ya chai. Ilikuwa kipupwe, usiku una ubaridi, maji yalikuwa ya bomba, na mmea ukachanua mfululizo hadi Septemba mwishoni. Miezi hiyo mitatu ya mafanikio ndiyo iliyofanya chungu, udongo na kisahani visitiliwe shaka na mtu yeyote baadaye.

Oktoba mgawo wa maji ulianza mtaani, na jengo likaanza kutegemea kisima chake cha kuchimba, ambacho pampu yake hupandisha maji kwenye tangi juu ya paa. Hakuna aliyelihesabu hilo kuwa tukio katika maisha ya mmea. Lilikuwa tukio katika maisha ya wapangaji, waliolalamika kwamba sabuni haitoi povu na kwamba chai ina ladha ya magadi.

Katikati ya Novemba maua yalikoma, na vichipukizi vya maua vilivyokuwa vimetokeza vikakauka kabla ya kufunguka. Mama mdogo alinipigia simu, nami bila kuuona mmea nikajibu kwamba ni joto linaloelekea kaskazi, nikamshauri ausogeze karibu na kiyoyozi. Akausogeza. Mwanzoni mwa Desemba majani mapya yalikuwa yakitoka madogo na yamebanana, jambo lililomfanya aamini kwamba mmea una njaa, akaupa kijiko kizima cha chai cha mbolea ya NPK juu ya udongo. Majani ya nje yakaanza kulegea, na vikonyo vya baadhi yake vikapata vidonda vya kahawia. Jirani akamwambia kwamba maji ya kisima yana chumvi, shauri ambalo lilikuwa sahihi kabisa, lakini badala yake mama mdogo akaanza kutumia maji ya kunywa yaliyokuwa ndani ya friji, akiyamimina moja kwa moja juu ya majani. Baada ya siku chache majani yakachorwa mistari ya rangi ya njano iliyopauka, mithili ya ramani. Hiyo ikachukuliwa kuwa ugonjwa wa fangasi, ikanunuliwa dawa ya kunyunyizia. Maji ya friji yalipomalizwa na wajukuu waliokuja likizo, akarudi kwenye maji ya kisima, safari hii mara mbili kwa siku kwa sababu mmea ulionekana kulegea mchana.

"Naunywesha, mwanangu, lakini haushibi," aliniambia nilipofika. Sentensi hiyo, ambayo yeye aliisema kwa masikitiko tu, ilikuwa ndiyo maelezo sahihi kuliko yote yaliyotolewa hadi siku hiyo.

Uchunguzi wa siku ya kwanza

Nilifika saa moja asubuhi, kiyoyozi kikiwa hakijawashwa. Saa ya kuangalia mmea ulionyauka ina maana yake. Mmea uliolegea saa tisa mchana wakati wa kaskazi huenda unapoteza maji haraka kuliko unavyoyavuta, nao hujirudi usiku. Mmea uliolegea alfajiri, baada ya usiku mzima wa utulivu, unatuambia kwamba mizizi yenyewe haifanyi kazi. Huu ulikuwa umelegea alfajiri. Niliingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili nikakuta majimaji, chungu kilikuwa kizito, na kisahani kilikuwa na maji ya jana yenye utando wa utelezi.

Upande wa nje wa chungu, kuanzia usawa wa udongo kwenda juu, kulikuwa na ukoko mweupe kama unga wa muhogo, mnene zaidi kwenye ukingo. Niliulamba, ulikuwa na chumvi. (Simshauri mtu kufanya hivyo kwenye chungu kilichonyunyiziwa dawa ya fangasi, mimi niliikumbuka dawa hiyo baada ya kulamba.) Mmea ulikuwa na majani kumi na moja katika duara la nje. Saba kati yake vikonyo vyake vilikuwa vimeegemea ukingo wa chungu, na vyote saba vilikuwa na kidonda cha kahawia kilichobonyea pale pale vilipogusa ukingo. Vile vinne ambavyo havikugusa ukingo havikuwa na kidonda. Katika uchunguzi wote, hakuna nilichokiona kilichonishawishi zaidi ya hesabu hiyo ndogo, kwa sababu fangasi, joto au njaa visingekuwa na sababu ya kuchagua majani kwa kufuata umbo la chungu.

Katikati, kwenye moyo wa mmea, majani machanga yalikuwa yamebanana na kwenye mashina yake kulikuwa na chembe za rangi ya kutu. Mistari ya njano ilikuwa juu ya majani tu, upande wa chini ukiwa safi, na maumbo yake yalifuata njia ambayo tone la maji lingeteremka. Majani yaliyotoka baada ya maji ya friji kuisha hayakuwa nayo kabisa.

Niliung'oa mmea. Donge la udongo lilitoka likiwa na harufu ya shombo. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia na laini. Ukiubana mmoja kwa kucha, ganda lake liliteleza likabaki uzi mwembamba, dalili inayojulikana ya kuoza. Mizizi myeupe iliyo hai ilibaki upande mmoja tu, sentimita mbili au tatu za juu. Nilikata shina kutoka chini kwa wembe, vipande vyembamba kimoja baada ya kingine, mpaka kahawia ilipoisha ikaonekana nyama ya kijani iliyopauka, ngumu na safi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu cha kuokoa.

Mwisho nilichukua sufuria mbili ndogo, moja nikatia bilauri ya maji ya kisima na nyingine bilauri ya maji ya mvua aliyokuwa nayo jirani, nikazichemsha zote hadi zikauke. Sufuria ya maji ya mvua ilibaki karibu safi. Ile ya kisima ilibaki na tabaka jeupe ambalo mama mdogo alilikwangua kwa kijiko, akalitazama kwa muda, kisha akauliza kama ndicho amekuwa akikichemshia ugali. Nilimjibu kwamba ndicho.

Chumvi iliyokuja kwanza na kuoza kulikokuja baadaye

Mzizi huvuta maji kwa osmosisi: maji huelekea kule ambako chumvi na sukari vimeyeyuka kwa wingi zaidi, na kwa kawaida huko ni ndani ya mzizi. Chumvi ikijaa kwenye udongo, tofauti hiyo hupungua, na ikizidi, mzizi hushindwa kuvuta hata kama umezama majini. Mwenye mmea huona majani yamelegea na hufanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya, yaani huongeza maji. Kila kikombe cha maji ya kisima kilileta chumvi yake, maji yakatoweka hewani kupitia kuta za chungu cha kufinyanga na uso wa udongo, chumvi ikabaki. Kwa kuwa maji yalitiwa kwenye kisahani na hayakuwahi kupitishwa kutoka juu ili yaoshe udongo na kumwagwa, hapakuwa na njia yoyote ambayo chumvi ingetokea. Ilipanda pamoja na maji, ikajikusanya juu ya udongo na kwenye ukingo, na vikonyo vilivyolala hapo vikaungua. Kiyoyozi nilichoshauri mimi kilikausha hewa na kuharakisha kazi hiyo. Kijiko cha NPK kilikuwa chumvi juu ya chumvi, kwa maana halisi ya maneno. Mabwana shamba wetu wa zamani waliziita mbolea hizi "mbolea za chumvichumvi", jina ambalo lingemwonya mama mdogo vizuri zaidi kuliko herufi tatu zilizoandikwa kwenye mfuko.

Kuoza kulikuja baadaye. Udongo mzito katika chungu kikubwa kupita kiasi, uliokaa na maji mfululizo, hukosa hewa. Mizizi iliyokwisha kudhoofishwa na chumvi ikawa chakula cha vimelea vya kuoza vya aina ya Pythium, ambavyo hustawi katika hali hiyo hiyo. Mizizi ilipooza mmea ukalegea zaidi, ukaongezewa maji zaidi. Ningeweza kusema kwamba mmea uliuawa na maji mengi, na wengi wangekubali, kwa kuwa ndiyo sababu inayotajwa karibu kila vayoleti inapokufa. Lakini maji mengi ya bomba, katika chungu kile kile na kisahani kile kile, yalitiwa kuanzia Julai hadi Septemba na mmea ukachanua. Kilichobadilika Oktoba ni maji yenyewe, na maua yalikoma wiki chache baadaye. Sisemi kwamba chungu na udongo havikuwa na kosa. Huenda vingeuua mmea mwaka uliofuata. Nasema havikuwa vya kwanza.

Sababu ya joto inastahili kujibiwa kwa uangalifu kwa kuwa niliitoa mimi. Ni kweli kwamba vayoleti hupendelea kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, na kwamba juu ya 30 maua hupungua na vichipukizi hukauka. Dar es Salaam ya Desemba na Januari huvuka kiwango hicho karibu kila mchana. Lakini jirani wa ghorofa ya kwanza, aliyenunua mimea miwili kwenye kitalu hicho hicho, hana kiyoyozi kabisa, na mimea yake Januari ilikuwa na maua machache tu huku majani yakiwa yamesimama imara kama ngozi ya ngoma. Yeye humwagilia maji ya mvua za vuli aliyoyahifadhi kwenye ndoo, si kwa elimu ya mimea bali kwa sababu hapendi kupandisha na kushusha ndoo kutoka bombani. Joto lilipunguza maua katika nyumba zote mbili. Halikuozesha mizizi ya yeyote.

Jambo la pili linatoka katika asili ya mmea wenyewe. Watu husema kwamba ni mmea wa milima yenye baridi, kwa hiyo hauwezi kukaa pwani, na jina lake la Kijerumani, Usambaraveilchen (vayoleti ya Usambara, milima ya mkoa wa Tanga), huwathibitishia hivyo. Ukweli una pande mbili. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani aliyekuwa Tanga, aliipata mimea hii na kuituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za kifalme za Herrenhausen huko Hannover, aliieleza kisayansi na kuipa jina Saintpaulia ionantha, neno la pili likimaanisha yenye maua mithili ya vayoleti, ingawa kwa ukoo haina uhusiano wowote na vayoleti za Ulaya. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameihamishia katika jenasi Streptocarpus, lakini majina ya sokoni hayajali mambo hayo. Linalotuhusu hapa ni kwamba mimea ya mwituni haikupatikana milimani peke yake. Ilipatikana pia chini, kwenye miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, si mbali na usawa wa bahari, na damu ya mimea hiyo ya chini imo katika machotara yanayouzwa leo. Mmea ambao baadhi ya mababu zake walikaa Tanga hauwezi kuambiwa kwamba haujui joto la pwani.

Mmea huu usichokijua ni maji yaliyotuama. Iwe ni kwenye makorongo karibu na Tanga au kwenye misitu ya Amani huko Usambara, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, vayoleti ya mwituni hushika kwenye uso wa mwamba wenye kivuli, juu ya vimea vya kijani vinavyotanda mwambani na majani makavu yaliyooza kidogo, kwa mizizi mifupi isiyokwenda kina. Maji ya mvua hupita juu yake na kuendelea na safari. Unyevu hubaki, maji hayabaki. Mwamba wa chokaa unaonyesha pia kwamba madini kwenye maji si adui kwa kila hali, kwani chokaa inayoendelea kuoshwa na mvua ni tofauti na chumvi ya kisima inayorundikana ndani ya chungu kisicho na mkondo. Ukishaelewa picha hiyo ya mwamba, utaona kwamba chungu cha mama mdogo kilikuwa kinyume chake: kina kirefu, udongo mzito, maji yaliyosimama. Inasikitisha kidogo kwamba misitu yenye mimea hii imepungua sana kwa kukatwa, na aina kadhaa za mwituni ziko hatarini, wakati machotara yake yanalelewa madirishani Marekani na Ulaya kwa ustadi mkubwa kuliko wetu sisi tulio safari ya nusu siku kwa basi kutoka nyumbani kwake.

Mambo mawili yaliyosalia ni mepesi. Mistari ya njano haikuwa ugonjwa: maji yaliyo baridi sana kuliko jani yakilidondokea huharibu seli zenye klorofili, na doa hilo haliponi wala haliambukizi, kwa hiyo dawa ya fangasi haikuwa na kazi. Kubanana kwa moyo wa mmea kungeweza kuwa utitiri, mdudu mdogo kiasi kwamba lenzi ya kawaida ya kukuzia haimwonyeshi vizuri, naye kweli hudumaza majani machanga. Lakini majani yaliyoshambuliwa na utitiri huwa na rangi ya kijivu na manyoya mengi kupita kawaida na huvunjika kwa urahisi, ilhali haya yalikuwa na manyoya ya kawaida na chembe za kutu za chumvi. Hata hivyo uthibitisho wa kweli ungepatikana tu baada ya tiba, kwa sababu utitiri hauondoki kwa kubadilisha maji.

Tiba, pamoja na makosa yangu

Nilichobaki nacho kilikuwa kipande cha shina cha sentimita mbili chenye moyo juu yake. Niliondoa majani yote isipokuwa sita madogo ya katikati, kwa kuwa shina lisilo na mizizi haliwezi kulisha majani mengi, nikakwangua ngozi ya shina taratibu kwa kisu ili mizizi ipate pa kutokea, nikaacha donda likauke kwa saa moja. Kutoka kwenye majani yaliyoondolewa nilichagua matano yasiyo na vidonda, nikakata vikonyo vyake kwa mshazari vikabaki sentimita tatu, ili yawe bima endapo shina lingekufa. Rangi ya maua ilikuwa moja tupu, kwa hiyo watoto wa jani wangefanana na mama. Kwa zile zenye maua ya mistari inayosambaa kutoka katikati, jani halirithishi mistari hiyo vizuri.

Kwa udongo nilitumia vumbi la makumbi ya nazi, mchanga wa mto na vipande vidogo vya mkaa. Hapa nilikosea. Makumbi niliyonunua yalitoka kwa watengeneza kamba, nao kwa desturi ya pwani hufukia makumbi kwenye matope ya ufukweni kwa miezi ili yalainike kabla ya kuyapiga. Nilijua hilo tangu utotoni na bado niliyaosha mara moja tu. Ndani ya siku kumi majani mawili kati ya matano yalikuwa yameungua kwenye vikonyo, kwa ugonjwa ule ule niliokuja kuutibu. Nilimwaga kila kitu, nikaloweka makumbi upya kwa siku tatu nikibadilisha maji asubuhi na jioni mpaka maji yakawa hayana ladha, nikapanda tena. Jani la tatu nililipoteza kwa kuacha mfuko wa plastiki uliolifunika upigwe na jua la asubuhi kabla pazia halijafungwa, lilipikwa.

Suala la maji lilitatuliwa na kiyoyozi, chombo kile kile nilichokitumia vibaya. Maji yanayodondoka kwenye bomba lake la nje ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, kwa hiyo yana chumvi kidogo mno, na katika unyevunyevu wa Dar es Salaam kiyoyozi kimoja hujaza ndoo bila shida. Yale ya kwanza baada ya mashine kukaa siku nyingi bila kuwashwa huyamwaga kwa sababu ya vumbi. Yanayobaki hukaa ndani usiku kucha ili yafikie joto la chumba. Mmea hupewa kwa kuuketisha kwenye kisahani chenye maji kwa dakika ishirini au thelathini, kisha kisahani humwagwa, na mara moja kwa mwezi maji mengi hupitishwa kutoka juu mpaka yatiririke chini yakiwa safi. Vikopo ni vya plastiki na vidogo, upana wake ukiwa kama theluthi ya upana wa mmea. Chungu cha kufinyanga sasa kinashika vijiko jikoni.

Shina lilionyesha mizizi mwishoni mwa wiki ya tano. Moyo ulifunguka polepole, majani mapya yakatoka mapana, yenye nafasi kati yake na bila chembe za kutu, na hapo dhana ya utitiri ikafungwa rasmi. Majani mawili yaliyobaki yalitoa watoto katika wiki ya tisa, moja watatu na lingine mmoja. Mbolea ilirudi mwishoni mwa Machi, kwa robo ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Chipukizi la kwanza la ua kwenye mmea wa shina lilionekana Julai, na lilipofunguka mama mdogo alinitumia picha saa kumi na moja alfajiri bila maneno yoyote.

Kipupwe kimeleta tatizo ambalo sikulitarajia. Kiyoyozi hakiwashwi tena, kwa hiyo bomba lake halidondoshi kitu, na kisima bado ndicho kinachotumika. Tulikuwa tumeweka akiba ya maji ya masika kwenye madumu mawili ya lita ishirini, moja limeandikwa kwa wino mzito YA MAUA, USIDEKIE, na la pili halikuandikwa, nalo limeshadekiwa. Kwa kipimo cha watoto wanne na mama yao, dumu lililobaki litatosha hadi mvua za vuli zikianza Oktoba zisipochelewa, na jirani wa ghorofa ya kwanza ameahidi ndoo moja kwa kubadilishana na mtoto yule aliyetoka peke yake.